Nzuri, Ila

Babu yangu aliukosa msaada wake wa ulemavu kwa sababu ya adabu.

Sisemi hivyo kwa kuwa ni babu yangu. Bodi ya kwanza ndiyo iliyosema, tena kwa maandishi: "Mdai alipoulizwa na daktari habari za mgongo wake, alijibu kwa kinywa chake mwenyewe kuwa ni nzuri. Bodi haioni sababu ya kumlipa mtu kwa ajili ya mgongo mzuri."

Bibi aliniambia nirudie kusoma. Nilipofika tena kwenye mgongo mzuri, akainua mkono.

"Mgongo mzuri? Wameuonea wapi? Mimi ndiye ninayeusugua, na sijawahi kuusifia."

"Wamesema ni Babu mwenyewe aliyeusifia," nikamjibu.

Bibi akamgeukia Babu. Babu akaigeukia redio na kuongeza sauti, ingawa ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

Babu alikuwa mpishi wa jeshi. Mtaani wanamwita Afande Sufuria, na watoto wakimpita hupiga saluti, naye huwarudishia bila kuchoka. Jina hilo alilipata siku kambi yao ilipokuwa ikihama. Alikuwa amesimama nyuma ya lori, amekumbatia sufuria kubwa ya maharage yaliyoiva, lori likaingia shimoni, naye akarushwa nje kama gunia. Alianguka chali juu ya mawe. Wenzake walipomkimbilia walikuta sufuria imesimama wima kifuani pake, mfuniko uko mahali pake, na maharage hayajamwagika hata tone. Walikula kwanza, wakashangilia, kisha wakampeleka hospitali. Hadithi hii ameisimulia mara nyingi sana, na kila mara anaimalizia kwenye maharage. Mgongo huwa hautajwi.

Jeshi halikuwahi kubisha kwamba aliumia kazini. Lililobisha ni jambo moja tu: kwamba mgongo huo bado unamuuma. Kama angeshinda rufaa, pensheni ingeongezeka kidogo, lakini si hilo lililokuwa likituhangaisha. Angepata haki ya kutibiwa na wataalamu wa viungo katika hospitali ya jeshi, na mtu wa kuja asubuhi kumsaidia kuoga na kuvaa. Kwa wakati huo mtu huyo alikuwa Bibi.

Na Bibi alikuwa na magoti yake. Babu hawezi kuinama, na hataki viatu visivyo na kamba. Anasema makubazi ni vazi la jeshi lililoshindwa. Kwa hiyo kila asubuhi Bibi alishika mkono wa kiti, akateremsha goti moja, akamwita Mungu, akateremsha la pili, akafunga kamba. Kushuka kulikuwa kunazidi kuchukua muda. Kupanda ndiyo usiseme. Niliporudi kwao baada ya kumaliza chuo cha ualimu, nikiwa nasubiri kupangiwa shule, nilijaribu kumpokea kazi hiyo. Alinipiga kikofi cha mkono.

"Mke mwenzangu, kaa mbali na miguu ya mume wangu. Utampata nikifa."

"Akifa huyu nakuoa siku hiyohiyo," Babu akanikonyeza. "Lakini jifunze kwanza kuongea. Sitaki mke ninayemsikia kwa darubini."

Huyo ndiye mimi. Nyumbani naitwa Mnong'ono. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, wanafunzi wa mstari wa mbele walikuwa wakigeuka kuwapelekea wenzao wa nyuma habari za somo. Mkaguzi aliandika kwamba darasa langu lina ushirikiano mzuri.

Kulikuwa na jambo moja zaidi nyumbani kwetu, ambalo nilidhani halihusiani na rufaa hata kidogo. Babu hakulala chumbani. Alilala sebuleni, ameketi kwenye kiti chake cha kuegemea, miguu juu ya kigoda, shuka hadi kidevuni.

"Bibi yako anakoroma," aliniambia siku ya kwanza niliyouliza. "Nimelala karibu na mizinga na sikuhama. Lakini kwa huyu nilirudi nyuma kwa mpangilio."

Bibi aliposikia hivyo aliinamisha uso kama msichana. Alikuwa amehangaika na mkoromo huo miaka mingi. Alilala ubavu. Alilala na kitambaa kimefungwa kidevuni kama maiti. Alikunywa asali, akanusa mvuke wa majani aliyopewa na jirani, akapiga chafya siku nzima. Mpwa wake alipoolewa mji wa mbali, alikataa kwenda, kwa kuwa wageni wangelala chumba kimoja na yeye hakutaka kuwaaibisha watu. Mimi hulala fofofo, kwa hiyo sikuweza kutoa ushahidi kwa upande wowote.

Sheria ilimruhusu mrufani kusemewa na ndugu. Mjomba, ambaye angefaa kwa kelele peke yake, alikuwa safarini na lori lake. Bibi akaninyooshea kidole.

"Msomi ni wewe."

"Bibi, mimi siwezi kuongea mbele ya watu."

"Watakuwa watatu tu. Watatu nao ni watu?"

Nikachukua kalamu nikakaa na Babu. Nikamwuliza ilikuwaje kwa yule daktari.

"Aliniuliza, habari za mgongo, mzee? Nikamwambia nzuri."

"Kwa nini, Babu?"

"Kwa nini nini? Mtu mzima kakuuliza habari, umtupie mbaya usoni, hata hajakaa vizuri? Mama yangu hakunilea hivyo."

"Lakini ilikuwa hospitali!"

"Hospitalini watu hawasalimiani?" Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama ada ya chuo ilivyopotea bure. "Nilikuwa nakuja na ila, mjukuu wangu. Nzuri, ila. Ila yangu ilikuwa tayari hapa kooni. Nikitazama, keshaandika, keshafunga faili, anaita, anayefuata! Sasa amri imeshatoka, mimi nifanyeje? Nikapiga saluti, nikageuka nyuma."

Nilibaki na kalamu mkononi, maana niliona kwamba rufaa nzima iko hapo. Nani kati yetu huanza na ugonjwa? Mwulize aliyefiwa habari za nyumbani, atakwambia nzuri, ila tumefiwa. Mkute mtu anazima moto juu ya paa lake, atakujibu salama, ila nyumba inaungua. Nzuri ni sawa na hodi. Anayetaka kujua kilichomo ndani husubiri ila. Niliandika haya kwenye ukurasa mmoja, nikaupeleka kwenye Baraza la Rufaa, na kwa siku kadhaa nilitembea nikijiona mtu wa maana. Karatasi haisemi kwa kunong'ona.

Bibi hakuiamini karatasi. Yeye alitaka Babu afundishwe kusema mbaya.

Basi kila jioni sebule yetu ikawa Baraza. Mimi nilikaa juu ya kochi nikawa mwenyekiti. Babu alisimama mbele yangu. Bibi alikaa pembeni ameshika mwiko.

"Habari za leo, mzee?" nikauliza.

"Nzu..."

Mwiko ukagonga meza.

"Habari za leo, mzee?"

"Mmm..." Jasho likamtoka. Midomo ikajikunja kama ya mtoto anayepewa kwinini. "Si nzuri sana."

"Umeanza na nzuri tena!" Bibi akapiga kelele. "Sema mbaya! Ni neno dogo, halina mfupa."

"Halina mfupa kwako. Wewe umezoea kuniambia."

"Mzee mzima, vita ulikwenda, neno moja linakushinda!"

"Vitani nilipika."

Alilipata siku ya nne au ya tano. Lilimtoka ghafla, kwa sauti ya gwaride, hadi jirani akaja kuuliza kama kuna aliyeumia. "Habari?" "Mbaya!" "Habari?" "Mbaya!" Bibi akacheka hadi akaufuta uso kwa kanga. Tukaona tumefuzu.

Baraza la Rufaa lilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la vifaa vya ofisi, na korido bado ilinuka gundi na kadibodi. Wastaafu walikuwa wamejipanga kwenye benchi, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Alipokuja karani kuwasalimia, benchi zima lilijibu nzuri, kuanzia mwenye mikongojo hadi yule aliyefungwa jicho. Nikamtazama Babu. Babu alikuwa ametulia, anatikisa midomo kimyakimya. Alikuwa anafanya mazoezi.

Tukaitwa. Chumbani kulikuwa na meza ndefu na feni iliyolia kila ilipogeukia dirishani. Katikati aliketi mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, na mguu wake wa kulia, uliovikwa plasta hadi gotini, ulikuwa umenyooshwa juu ya kigoda chenye mto. Kulia kwake alikaa daktari wa Baraza, mzee mwembamba. Kushoto alikaa afisa mstaafu mwenye masharubu yaliyopakwa rangi nyeusi kuliko nywele zake. Upande wa pili, kwenye meza yake peke yake, alikuwapo wakili wa jeshi, kijana wa suti iliyopigwa pasi hadi kwenye kola. Karani aliketi nyuma ya mashine, vidole tayari.

Mwenyekiti akatabasamu. "Karibuni. Mzee, pole na safari."

"Mbaya, mama!" Babu akanguruma.

Feni ililia. Daktari aliinua kichwa.

"Samahani?" akasema mwenyekiti.

Babu akaona alichokifanya. "Niwie radhi, mama," akasema kwa upole. "Hilo lilikuwa la swali linalofuata."

Bibi akafumba macho. Karani, nilimwona, aliandika yote. Na wakili wa jeshi alisimama taratibu, kama mtu aliyeletewa chakula alichokuwa hata hajaagiza.

"Waheshimiwa, nadhani sote tumesikia. Mzee huyu amefundishwa majibu. Mbele ya daktari, akiwa peke yake, alisema nzuri. Leo, akiwa na familia yake, ni mbaya hata kabla ya kuulizwa. Mimi naliomba Baraza liamini neno lililotoka lenyewe, siyo lililofanyiwa mazoezi."

Alikuwa na haki. Sisi wenyewe tulikuwa tumeuharibu ukweli kwa kuupiga mwiko. Nilimtazama Bibi, na Bibi alikuwa anayasugua magoti yake polepole bila kujua kama anayasugua.

"Mwakilishi wa mrufani," akasema mwenyekiti, "una la kusema?"

Nilisimama. Karatasi ikawa inatetemeka hata maneno yakawa yanacheza juu yake, na nilipoyafukuza kwa macho yalizidi kukimbia. Nilifungua mdomo. Hodi, nzuri, ila, paa linaungua, vyote viliondoka. Kilichobaki kichwani ni kile tu kinachobaki kwa mtu hata akisahau jina lake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Mwenyekiti akashtuka kidogo. "Marahaba, mwanangu. Ongeza sauti."

"Habari za leo?"

"Nzuri. Endelea."

Sikujua niendelee wapi. Nikamgeukia daktari, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza na si adabu kubagua. "Shikamoo, daktari." "Marahaba." "Shikamoo, afande." Afisa alinyoosha masharubu. "Marahaba, binti, mzima kabisa." Nilimsalimia na karani. Nilimsalimia hata wakili wa jeshi, ambaye alikuwa rika langu, na akajibu "poa" kabla hajajizuia.

Watu wakawa wamekwisha. Nilirudi kwa mwenyekiti nikiwa na mikono mitupu. Ningependa kusema nilikuwa nimepanga nilichosema baadaye. Mjomba hadi leo anawaambia watu kwamba nilipanga, na kwamba ni akili za chuo. Si kweli. Niliona vidole vya mguu wake vikichungulia kwenye plasta, vimevimba, vya rangi ya zambarau, nikamwonea huruma.

"Na habari za mguu, mama?"

"Nzuri," akasema mwenyekiti, "ila unawasha huko ndani, jamani, unawasha, na siwezi kufika, jana nimejaribu na sindano ya kufumia..."

Akanyamaza.

Kisha sauti kama ya puto linalotoka upepo ilisikika kushoto. Ni afisa mstaafu, ameuma masharubu yake, mabega yanamruka.

Mwenyekiti akavua miwani. "Karani, umeandika nini?"

"Nimeandika 'nzuri', mheshimiwa," karani akajibu kwa woga. "Yale mengine nilidhani ni mazungumzo."

"Mheshimiwa mwenyekiti," wakili wa jeshi akaingilia, "kwa heshima zote, mguu wako hauko mbele ya Baraza hili."

"Uko mbele ya Baraza tangu asubuhi, wakili, juu ya kigoda. Kaa." Aliirudisha miwani na kunitazama mimi, kisha karatasi yangu iliyokuwa kwenye faili lake, kisha mimi tena. "Nilisoma hoja yako ya rufaa, binti. Niliiona ni ya kuchekesha. Sasa naiona." Akamgeukia Babu. "Mzee, daktari alipokuuliza habari za mgongo, ulikuwa na ila?"

"Nilikuwa nayo, mama."

"Iko wapi?"

"Ninayo bado. Hakuna aliyeichukua."

"Tunaisikiliza. Yote."

Daktari wa Baraza aliweka kalamu chini ili Babu aone kwamba haandiki. Babu alimtazama afisa, akakitazama kigoda, akamtazama Bibi, na hapo akasita.

"Mbele ya mke wangu?"

"Mbele ya mkeo."

"Basi," akasema Babu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akinong'ona yeye. "Nzuri, ila silali. Nikilala chali, mgongo unafunga kama mlango wa chuma. Nikilala ubavu, mguu unakufa. Usiku wa kwanza uliponifunga hivyo, ilinichukua hadi alfajiri kuinuka. Tangu hapo nalala nimekaa kitini. Nilimwambia mke wangu nahama kwa sababu anakoroma."

Akainamisha kichwa.

"Hakoromi."

Bibi alikuwa ameketi nyuma yangu. Nilisikia kiti chake kikilia.

"Sikoromi?"

"Hapana, mke wangu."

"Hata kidogo?"

"Unapumua kama mtoto. Mimi huja mlangoni kukusikiliza."

"Sikoromi!" Bibi alisimama bila kushika chochote, magoti na yote. "Nimefunga kidevu kama maiti, sikoromi! Nimekunywa majani ya yule mama hadi nikaona nyota mchana, sikoromi! Harusi ya mpwa wangu sikwenda! Ule ubwabwa... ule wali wa harusi nilihadithiwa kwa simu, mtu mzima mimi, kumbe sikoromi!"

"Mama, tafadhali keti," mwenyekiti akasema, lakini alikuwa amejifunika mdomo kwa faili.

"Ningekwambia ukweli ungelala nawe kitini," Babu akasema. "Nakujua."

Bibi akaketi kwa kishindo. Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ilimkera kuliko uongo.

Wakili wa jeshi, lazima nimpe haki yake, alikuwa mtu wa kazi. Akasimama. "Mama, naomba kukuuliza. Unathibitisha kwamba mumeo hulala ameketi?"

"Nathibitisha! Nina mengine ya kumwambia tukifika nyumbani, lakini hilo nathibitisha. Kila siku, mwaka hadi mwaka. Na viatu namfunga mimi, na mgongo namsugua mimi, na ukiugusa hapa kiunoni anaimba wimbo wa jeshi ili asilie. Nilidhani anapenda nyimbo."

Wakili akaketi. "Sina swali jingine," akasema.

Daktari wa Baraza aliichukua kalamu yake, akaiviringisha juu ya meza, na kalamu ikaanguka miguuni pa Babu. "Samahani, mzee. Naomba unisaidie."

Babu aliitazama kalamu kwa muda mrefu. Vidole vyake viliteremka hadi magotini, vikasimama. Uso ukabadilika rangi. Kutoka kooni mwake ukaanza kutoka wimbo, mwembamba, wa mwendo wa gwaride.

"Inatosha," daktari akasema haraka.

"Daktari," Babu akasema akipumua, "kwa siku nyingine mke wangu angekuokotea. Leo nadhani itakaa hapohapo."

Aliyeiokota ni wakili wa jeshi. Aliinama, akaifuta kwenye suti yake, akamrudishia daktari.

Tuliambiwa tusubiri nje. Bibi alikwenda kukaa benchi la mbali na kutupa mgongo. Babu alimfuata, akasimama nyuma yake, amekakamaa kama mlinzi wa lango.

"Mke wangu."

"Mimi nakoroma, sisikii."

"Nisamehe."

"Hrrr," Bibi akakoroma kwa makusudi, kwa sauti, na wastaafu wote wa korido wakageuka. "Hrrrrr. Umesikia? Sasa nimeanza. Nilikuwa na deni la miaka yote hiyo."

Mzee aliyefungwa jicho akaniuliza kama bibi yangu naye amekata rufaa. Nikamwambia ndiyo, na nadhani atashinda.

Tulipoitwa tena, mwenyekiti alikuwa ameshaandika. Alisoma polepole, na mimi nilishika mkono wa Babu, au yeye alishika wangu, sikumbuki nani alianza.

"Baraza linaona kwamba bodi ya kwanza ilikosea. 'Nzuri' ni salamu, siyo kipimo cha daktari. Aliyeuliza habari alikuwa na wajibu wa kuisubiri. Tumesikia sehemu iliyobaki ya jibu la mrufani, pamoja na ushahidi wa mkewe, ambao ulitolewa kwa hasira na hivyo tunauamini. Uamuzi wa kwanza unatenguliwa. Ulemavu wake umetokana na kazi na upo hadi leo. Apewe matibabu, msaidizi wa nyumbani na haki zake zote kuanzia siku alipodai." Akafunga faili. "Mzee, una swali?"

"Hapana, mama. Asante, mama." Babu akapiga saluti. Kisha akakumbuka. "Na mguu, ugua pole. Usitumie sindano ya kufumia. Tumia kijiti cha kukorogea chai."

"Karani," akasema mwenyekiti, "hilo usiandike."

Nyumbani, Babu aliketi kwenye kiti chake, na viatu vikawa vinasubiri kufunguliwa. Bibi hakushuka. Alisimama mbele yake ameweka mikono kiunoni. Njia nzima alikuwa hajamsemesha isipokuwa kwa mkoromo.

"Mke mwenzangu," akaniambia bila kunitazama, "mfungulie mume wetu viatu."

Sikuwahi kupandishwa cheo namna hiyo. Nikapiga magoti nikaanza na kamba ya kulia. Fundo la Bibi lilikuwa gumu, la mtu anayefunga kitu kisipotee.

"Habari za mgongo?" Bibi akauliza juu ya kichwa changu.

"Nzuri," akasema Babu.

Bibi hakuondoka. Alivuta kigoda, kile cha kuwekea miguu, akaketi juu yake, akasubiri. Nikasubiri na mimi, nimeshika kamba.

"Ila," akasema Babu. Na akaanza. Alisema juu ya baridi inavyoingia, na ngazi za sokoni, na siku aliyoangusha kijiko jikoni akakisukuma kwa mguu hadi chini ya kabati kisionekane. Vijiko vitatu viko huko, alisema. Bibi alikuwa amemshuku paka wa jirani. Alizungumza hadi kiatu cha pili kikatoka na soksi zikatoka, nami nikajifanya nina kazi na soksi.

Alipomaliza, alishusha pumzi, akamtazama Bibi aliyekuwa bado anajisugua magoti kwa viganja.

"Na wewe, mke wangu? Habari za magoti?"

"Nzuri," Bibi akajibu harakaharaka, akataka kuinuka kwenda kuweka chai.

Babu akanyoosha mkono, akamshika kanga, akasubiri.